Helikopta kwa Njia ya Posta

Arusha,
15 Februari 1998

Mjomba wangu Nathanaeli,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba Paskazia, ingawa kwa mvua hizi za El Nino sijui itapita njia gani. Barabara ya Babati kila tukiamka tunasikia imekatika mahali pengine. Mimi sijambo. Kazi pale dukani kwa Mzee Yahaya inakwenda vizuri. Siku hizi kila ofisi ya utalii inataka kompyuta, na kila aliyeuziwa ananiita kesho yake kusema imekufa. Nikienda nakuta hawajachomeka waya ukutani. Ukimwona mama kule Chamwino mwambie nakula vizuri na kanisani naenda.

Lililonifanya nishike kalamu ni mzigo unaokuja kwako kwa basi. Ni kompyuta kamili. Mteja mmoja ameagiza mpya, akamwachia Mzee Yahaya hii, na Mzee Yahaya akanipa mimi. Nikawaza, nani katika ukoo wetu anakaa nyumbani mchana kutwa akihesabu mabati? Ndipo nikakukumbuka. Ndani nimekuwekea mchezo wa kurusha helikopta, na kuna fimbo yake ya kuchezea, ile nyeusi yenye kifungo juu na mpini mdogo ubavuni. Tangu kampuni ikupunguze kazi miaka miwili iliyopita sijakusikia ukizungumzia ndege hata mara moja, wewe uliyetulea kwa hadithi za kunyunyizia dawa kwelea kwelea, wale ndege wala nafaka, kutoka Kongwa mpaka Manyoni. Cheza kidogo, halafu uniambie kama inafanana na helikopta yenyewe.

Mpwa wako,
Gladness


Nkuhungu, Dodoma,
12 Machi 1998

Mpwa wangu Gladi,

Mbukwa, nakusalimu kwa Kigogo chetu usije ukakisahau huko. Mimi mzima, mkaza mjomba wako mzima, kuku tu ndio wanaolalamika kwa tope. Mama yako alipita hapa Jumamosi akiwa na gunia la mboga za mlenda, akasema uwele mwaka huu umeota mrefu kuliko watu. Nimempa salamu zako. Akauliza kama huko kanisani kuna vijana wa maana. Nikamwambia sikuandikiwa hilo.

Mzigo umefika salama. Paskazia ameuvalisha kitambaa cha kudarizi, kile cha kochi, na kila ninapotaka kuuwasha lazima kwanza niombe ruhusa ya kukitoa. Kijana wa fundi redio alikuja kuunganisha nyaya, akaondoka. Nikakaa.

Nitakuambia kweli kwa sababu umeniuliza. Aliyetengeneza mchezo huu hajawahi kukaa ndani ya helikopta, labda ameiona kwenye kalenda. Nimeinyanyua, ikanyanyuka wima kama ndoo inayovutwa kisimani. Nikaachia fimbo makusudi ili ianguke. Haikuanguka. Ikakaa hewani imetulia kama meza. Nikaipeleka kwenye mlima ili nione itafanyaje, ikagonga, ikarudi nyuma, ikaendelea na safari. Gladi, helikopta ya kweli haitaki kuruka. Inataka kuzunguka, inataka kupinduka, inataka kurudi chini, na kazi ya rubani ni kuikatalia mambo yote hayo kwa wakati mmoja. Hii ya kwenu inamtii kila mtu. Hata Paskazia ameirusha, huku akichambua mchele.

Lakini asante. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Mjomba wako,
N.


Arusha,
29 Machi 1998

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma dukani, nikacheka mpaka mteja akaniuliza kama kuna habari njema kutoka nyumbani. Nikamwambia ndiyo, mjomba wangu kagonga mlima.

Kosa si la mtengenezaji, ni langu. Nilikuwekea misaada yote. Fungua ule ukurasa wa mipangilio, wenye alama ya bisibisi, utaona orodha. Kuna msaada wa kuituliza hewani, msaada wa kuuzuia mkia usizunguke, msaada wa upepo, na ule wa kutovunjika ukigonga. Kila mmoja una kisanduku chenye alama ya vema. Ukiiondoa, msaada unazimika. Unaweza kuzima mmoja au yote. Hapa dukani hakuna aliyeweza kuruka hata hatua mbili bila hiyo misaada. Mimi mwenyewe naucheza mchezo huu jioni tukishafunga, na nikiwa na misaada yote najiona rubani mkubwa.

Nina swali. Ukiwa umesimama hewani na upepo ukaja kwa ubavu, unafanyaje? Na vumbi likipanda usione chini?

Mama mwambie vijana wapo, ila wengi wana kikohozi.

Gladness


Nkuhungu,
25 Aprili 1998

Mpwa wangu,

Mbukwa. Umeme ulikatika, posta ikafurika, ndiyo maana nimechelewa. Hatujambo. Mvua imepunguza.

Niliondoa alama zote. Zote, kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayevua koti. Nikanyanyuka. Kabla sijameza mate nilikuwa nimelala ubavu na pangaboi limekatikia kwenye lami. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu nilipinduka kabisa, na Paskazia aliyekuwa mlangoni akasema, "Baba, umekufa tena?" Nikamwambia nimekufa. Akaniletea chai.

Lakini mara moja, mchana ule ule, iliganda. Ilisimama pale hewani ikitetemeka, pua imetulia, na mimi nikaijua. Nilikuwa nimesahau kwamba uso wangu hukunjamana nikiwa nasimama hewani, mpaka Paskazia akaniuliza kama tumbo linaniuma. Huyo aliyetengeneza namwomba radhi. Amewahi kukaa ndani, na aliogopa vizuri.

Sasa maswali yako. Upepo wa ubavu unaukabili kwa kuegemeza fimbo kidogo kuelekea unakotoka, kidogo sana, kama unayemwegemea mtu kanisani bila yeye kujua. Vumbi likipanda unachagua kitu kimoja kisichotembea, kichaka au jiwe, hukiachi kwa macho. Na kikipotea, unapanda juu na kuondoka, hujidai shujaa.

Na mimi nina swali. Tangu lini muuza kompyuta anahitaji kujua habari za vumbi?

N.


Arusha,
14 Mei 1998

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimesoma mstari wako wa mwisho, nikaweka barua chini ya godoro wiki nzima kama vile ungeweza kuniona. Basi naeleza, lakini uniahidi kwanza kwamba mama hatasikia.

Kuna kampuni ya ndege za kukodi imefungua ofisi hapa Arusha. Wanaleta helikopta za kupeleka watalii na madaktari wa dharura. Wanataka vijana wawili Watanzania wawapeleke kusomea urubani Afrika Kusini. Niliwauzia kompyuta zao, na nilipokuwa naziunganisha nilimsikia Kapteni Aiman, mwalimu wao, akisema waombaji wote ni wanaume na nusu yao hawajui hesabu. Nikaomba. Mtihani wa hesabu na Kiingereza nimepita. Mwezi wa saba kuna jaribio la mikono, kwenye mashine yao ya mazoezi, inayofanana na huu mchezo wetu ila ina kiti, mipini na kila kitu. Na misaada yote inazimwa.

Unajua mama alivyo. Wewe kila ulipokuwa unaruka alikuwa halali. Ulipopunguzwa kazi alitoa shukrani kanisani mbele ya watu wote. Nikimwambia sasa, atapanda basi kesho yake anifuate.

Nifundishe, Mjomba. Sina mtu mwingine. Nimezima misaada kama ulivyofanya, na mpaka leo nimeua abiria wengi kuliko walioko Arusha.

Gladness


Nkuhungu,
5 Juni 1998

Gladi,

Mbukwa, rubani. Huku tunavuna. Mama yako amenuna kwa sababu ndege wamekula robo ya uwele wake, akaniangalia kama vile ni mimi niliyewatuma. Amesema pia kwamba kuna nafasi ya ualimu sekondari ya kata, na kwamba wewe ungefaa. Nikageuzia mazungumzo kwenye kuku. Nimekuahidi, na nimeona ahadi hii itanipa kidonda cha tumbo.

Sitakuuliza kama una uhakika. Niliulizwa hivyo na kila mtu mwaka wa sabini na nne, nikachoka. Tuanze somo, na usome kila fungu ukiwa na fimbo mkononi.

Mkono wa kulia ndio unaoshika fimbo ya katikati. Unaishika kama unavyoshika kifaranga, asitoroke na asife. Ukiona ndege inaelekea kushoto usiirudishe kwa nguvu, kwa sababu itakapotii wewe utakuwa umeshazidisha, nayo itavuka kwenda kulia, na hapo mtaanza kucheza ngoma mpaka mwanguke. Sukuma kidogo, subiri, angalia. Kifundo cha mkono ukilaze juu ya paja.

Mkono wa kushoto unashika mpini wa kupandia na kushukia. Huu unataka upole wa mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mgonjwa.

Macho usiyatazamishe chini ya pua ya ndege. Tazama mbali, kwenye ukingo wa mbuga. Anayetazama karibu huona kila mtikisiko, akaukimbilia. Mimi nilikuwa naangalia mlima mmoja pale Hombolo, nao ulinisaidia kuliko mwalimu yeyote.

Fanya hivyo kila jioni. Mimi huku nafanya na wewe. Tena nimeanza kutengeneza kitu cha mbao chini ya meza ili mambo yafanane zaidi na kwenye ndege. Seremala amenipa vipande. Sisemi ni kitu gani. Paskazia anasema nimekuwa kama mtoto aliyenunuliwa mpira.

Mjomba wako,
N.


Arusha,
19 Julai 1998

Mjomba,

Shikamoo. Hapa kila mtu hajambo. Mzee Yahaya amepata mjukuu.

Nimeshindwa.

Tulikuwa kumi na mmoja. Nilipoketi kwenye ile mashine nilishika fimbo kama kifaranga, nikalaza kifundo cha mkono juu ya paja, nikatazama mbali. Kapteni Aiman akamwambia mwenzake, "Huyu mikono yake imetulia." Nikavuta mpini taratibu, na mara tu tulipoachana na ardhi pua ikaanza kukimbilia kulia. Nikazunguka. Nikazunguka kama pia, Mjomba, na kadiri nilivyovuta ndivyo nilivyozidi kuzunguka, mpaka nikaona kizunguzungu ingawa kiti hakikusogea hata kidogo. Kapteni akasema, "Miguu, dada. Miguu yako iko wapi?" Ilikuwa imekaa juu ya pedali kama ya mtu anayesubiri zamu hospitali.

Dukani nilikuwa nauzuia mkia kwa vitufe vya kibodi, na nikidhani ni jambo dogo tu. Niliporudi nilisoma barua zako zote upya. Umeandika mkono wa kulia, mkono wa kushoto, macho, kifundo, hata paja. Neno mguu halimo. Mtu aliyeruka miaka ishirini na mbili anasahauje miguu?

Wametupa nafasi ya pili watatu wenye mikono mizuri. Ni mwisho wa Oktoba, na safari hii ni kwenye helikopta yenyewe, Kapteni akiwa pembeni. Tafadhali niambie habari za miguu. Na uniambie kwa nini hukuniambia.

Gladness


Arusha,
2 Septemba 1998

Mjomba,

Shikamoo. Wiki sita sasa sijapata jibu. Mama naye haandiki. Nilipiga simu posta ya Dodoma wakuite, wakasema wamekutumia mtu, akarudi akasema nyumba imefungwa. Kama nilikukosea kwa barua ile, nisamehe. Niliiandika siku ile ile ya mtihani, bado nina hasira. Kama ni jambo lingine, niandikie hata neno moja.

Gladness


Hospitali, Dodoma,
14 Septemba 1998

Mpwa wangu,

Mbukwa. Hukunikosea. Mimi mzima, ila nimepungua. Nilikuja hapa na vidole kumi vya miguu, nitaondoka na tisa. Aliyeondoka ni yule mdogo wa kushoto, na daktari anasema alikuwa hafanyi kazi yoyote.

Kile kitu cha mbao kilikuwa pedali. Nilizitengeneza vizuri, zinapanda na kushuka kwa kupokezana, ingawa hazikuunganishwa na chochote. Mkia niliendelea kuuzuia kwa vidole vya mkono, kwenye kibodi, lakini nilitaka miguu nayo ikae mahali pake. Nikawa nakaa pekupeku, kama nilivyopenda kuruka zamani tukiwa mbali na mabosi. Siku moja Paskazia aliingia na ndoo ya kudekia, akasimama. Akasema, "Baba, hii damu ni ya nani?" Nikatazama chini. Msumari wa seremala ulikuwa umeingia kidoleni, na kwa hali ya kidonda haukuwa wa siku ile. Mimi sikuwa nimesikia kitu.

Sasa ndipo ninapojibu swali lako. Hakuna kampuni iliyonipunguza. Nina kisukari. Miaka miwili iliyopita, kwenye uchunguzi wa afya wa marubani, daktari aliniambia nifumbe macho, akanishika kidole cha mguu akaniuliza ni kipi. Nikataja kidole gumba. Aliponiambia nifumbue macho, alikuwa hajagusa gumba kabisa. Nikaandika mwenyewe barua ya kuacha kazi kabla hawajaniandikia wao. Kila mtu alikuwa anapunguzwa mwaka ule, basi nami nikasema nimepunguzwa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Paskazia peke yake ndiye aliyejua, na alinibembeleza niwaambie, nikakataa.

Uliponiletea mchezo, niligundua kwamba ndani yake mkia unageuzwa kwa vidole vya mkono. Vyangu vya mkono vinasikia vizuri. Nilipoganda hewani ile mara ya kwanza, Gladi, nililia mbele ya Paskazia, na kwenye barua nikakuandikia habari za chai. Na nilipoanza kukufundisha, kalamu ilikuwa inafika kwenye miguu inageuka. Sikupanga. Nilijiambia nitaandika barua ijayo. Umeshindwa kwa sababu yangu, na hilo limeniuma kuliko kidole, kwa kila maana.

Kuna jambo lingine. Mama yako alikaa kitandani pangu akauliza, "Mtu mzima alikuwa anafanya nini na misumari chini ya meza?" Nilikuwa na homa, sikuwa na uongo wowote tayari. Nikasema, "Namfundisha mwanao." Akaniuliza anafundishwa nini. Nikamweleza yote. Alikunja kanga yake, akaenda kuniletea uji, na tangu siku hiyo hajazungumzia.

Basi miguu. Ukivuta mpini wa kushoto, pua inakimbilia kulia. Mguu wa kushoto uwe umeshaanza kusukuma kabla pua haijafikiria. Mkono na mguu wa upande ule ni ndugu, wanaondoka pamoja. Ukishusha mpini, mguu unalegea pamoja nao. Visigino vikae sakafuni, usukume kwa mbele ya unyayo. Usiruke pedali, zibonyeze kama unapima kama ugali umeiva. Na vaa viatu vyenye soli nyembamba, ili usikie. Kusikia ndiyo kazi yote ya mguu.

Mjomba wako,
Nathanaeli


Arusha,
28 Septemba 1998

Mjomba wangu,

Shikamoo na pole. Pole sana. Nimelia, kisha nimefika kwenye kidole kisichofanya kazi nikacheka, kisha nikalia tena, na Mzee Yahaya amenipa mapumziko ya nusu siku.

Sina hasira na wewe kwa habari ya miguu. Kuhusu mama, nilikuwa nayo kidogo, imepita. Nimemwandikia mwenyewe kurasa nne. Hajajibu. Nasubiri jibu lake kama mtu anayesubiri mvua ya mawe.

Nina ombi, na si la mpwa, ni la fundi kompyuta. Rudi kwenye ule ukurasa wa bisibisi. Weka alama kwenye kisanduku cha mkia peke yake, hicho kimoja. Upepo uache ulivyo, kuvunjika kuache kulivyo, kila kitu kiwe cha kweli, ila mkia ujitulize wenyewe. Mikono yako yote miwili itabaki kwenye fimbo na mpini, nayo miguu itakaa ndani ya viatu. Najua utasema si kweli kamili. Lakini zile mbao zitupwe. Hilo siombi, nasema.

Fundi wa duka amenitengenezea pedali kutoka kwenye cherehani mbovu, zimeunganishwa na kompyuta kweli kweli. Viatu nimenunua vya raba, vya wanafunzi wa shule ya msingi. Jana niliganda hewani mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimelala.

Gladness


Nkuhungu,
17 Oktoba 1998

Gladi,

Mbukwa. Nimerudi nyumbani. Natembea na fimbo, natazama miguu yangu kila asubuhi na jioni kama daktari alivyoagiza, Paskazia akishika kioo. Sukari ya chai imehamishiwa kwa jirani.

Mbao zimepikia maharage. Kile kisanduku nilikikataa kwa wiki nzima, nikakaa natazama kitambaa cha kudarizi. Kisha nikaweka alama. Ulivyosema ndivyo ilivyo. Si kweli kamili. Lakini nimeruka kutoka mji mmoja kwenda mwingine kwenye dhoruba, nikatua juu ya jengo refu, na mgongo umelowa jasho. Hilo jasho ni la kweli.

Sasa kubwa. Mama yako alikuja Jumatano, akaniambia, "Washa hiyo mashine, nione unachomfundisha mwanangu." Nikawasha, nikampa misaada yote. Dada yangu Dorkasi alikaa wima na kanga yake kichwani, akanyanyuka, akaanza kuulizia Chamwino iko upande gani. Nikamweleza hii ni nchi ya watu wengine. Akasema, "Kila nchi ina upande wa nyumbani," akaendelea kuruka mpaka mafuta yakaisha. Alipotua akaniambia nitoe misaada. Nikatoa. Akaanguka papo hapo. Akautazama ule moshi. Kisha akauliza, "Na huko Arusha anaruka hivi, bila kusaidiwa?" Nikasema ndiyo, ila mwalimu anakaa pembeni.

Kesho yake asubuhi ameondoka. Amesema anakwenda Babati kusalimia jamaa. Sisi hatuna jamaa Babati. Nakuandikia haraka, labda barua itamtangulia.

N.


Arusha,
8 Novemba 1998

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako haikumtangulia. Imefika jana. Mama alikuwa ameshafika zamani, na kuku mwekundu ndani ya kikapu.

Sikumsikia akinigombeza hata siku moja. Alikaa chumbani kwangu, akafua mapazia, akanipikia mlenda, na jioni akaja dukani kunitazama nikifanya mazoezi. Kila nilipomwuliza, "Mama, umesoma barua yangu?" alijibu, "Nimeisoma," akaendelea kusuka ukili.

Siku ya jaribio nilimwambia abaki nyumbani. Nilipofika uwanjani nilimkuta kwenye uzio, amevaa kitenge cha Pasaka. Walinzi walikuwa wameshampa kiti.

Wa kwanza alipanda, akashuka amelowa jasho. Nikaitwa. Mjomba, sauti ya ile helikopta sikuitarajia. Kiti kinatetemeka mpaka meno. Kapteni Aiman alinyanyua mwenyewe, akatusimamisha hewani, akasema, "Fimbo yako. Mpini wako. Miguu yako." Akaachia. Ikaanza kwenda kushoto. Nikasukuma kidogo, nikasubiri. Nikatafuta cha kutazama mbali nikaona mti mmoja mkavu ng'ambo ya uwanja, nikaushika kwa macho. Akaniambia nipande kidogo. Nikavuta, na mguu wa kushoto ulikuwa umeshaanza safari. Pua haikwenda popote. Tulikaa pale. Sijui kwa muda gani, kwa sababu sikuwa nawaza chochote, na baadaye Kapteni aliniambia nilikuwa nimekunja uso kama mtu anayeumwa tumbo.

Kisha upepo ukaja wa nyuma, mkia ukachomoka, tukazunguka robo nzima. Niliurudisha mwenyewe, ingawa vibaya. Tulipotua tuligonga chini mara mbili. Nikajua nimeharibu. Kapteni akazima injini, akaandika, akasema, "Januari, Johannesburg. Uje na sweta." Sikuelewa mpaka aliporudia.

Mama alikuwa amesimama. Nilimwendea, nikamwambia nimepita. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akanitazama, kisha akamwendea Kapteni Aiman. Nikajua sasa ndipo yanakuja. Akamwambia, "Baba, nataka kupanda na mimi." Kapteni akacheka, akatazama mafuta, akamfungulia mlango wa nyuma.

Nilikaa naye. Tulizunguka juu ya mashamba ya kahawa mpaka karibu na Meru, kukawa na mawingu kidogo, tukatikisika. Mimi ndiye niliyeshika mkono wake. Yeye alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, anatazama chini kama anayetafuta mtu. Tulipotua Kapteni akamgeukia, akamwuliza, "Mama, umeonaje? Hukuogopa?"

Akasema, "Ni nzuri. Lakini kaka yangu alikuwa anashuka taratibu zaidi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwuliza, "Mama, ulipanda na mjomba lini?" Akakaza fundo la kitenge chake, akaniambia twende tukamle yule kuku.

Miaka yote alikuwa halali ukiruka, Mjomba. Miaka yote alisema helikopta ni kazi ya watu wasiopenda mama zao. Wewe nawe hukuwahi kutuambia kitu. Lini? Wapi? Nani aliruhusu?

Mpwa wako, mwanafunzi wa urubani,
Gladness


Nkuhungu,
26 Novemba 1998

Rubani Gladness,

Mbukwa, mbukwa, mbukwa. Barua yako nimemsomea Paskazia, nimewasomea majirani, na mchungaji amekuja mwenyewe kuisikia. Nimekunywa chai bila sukari, nikaiona tamu.

Utakapofika Januari utafundishwa upya mambo yote, na watakuambia sikukufundisha vizuri. Wasikilize wao. Ukiganda hewani, nikumbuke. Dukani kwa Mzee Yahaya kama kuna mchezo mpya, nitumie, nina nafasi. Mama yako amerudi jana na ameshaanza kufuma sweta la sufu ya kijani, litakutosha wewe na Kapteni.

Kuhusu maswali yako matatu ya mwisho, nilimpelekea Dorkasi barua akaisoma mwenyewe. Akanirudishia, akaniambia, "Tuliapa." Nikamwambia, "Nakumbuka."

Basi mpwa wangu, hilo sina la kukujibu. Ninachoweza kusema ni kwamba siku ile hakukuwa na upepo, mtama ulikuwa umeiva kote chini, na mama yako aliimba njia nzima.

Mjomba wako,
Nathanaeli